Bima Mpya na Jibu la Mama

Rangwi,
S.L.P. 41,
Lushoto.
17 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Anord,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu Loveness na watoto, na kwamba hilo joto la Mpanda halijawakausha. Habari za kazi? Na mgongo wako je, ule uliokuwa ukikusumbua kwa kukaa kwenye greda kutwa nzima? Kama bado unauma nenda ukapimwe, usingoje mpaka uanze kutembea kama mzee Ramadhani wa mashine ya kusaga.

Sisi huku hatujambo kwa kiasi chetu. Mimi na Tobia ni wazima. Pumu ya mwanangu Stephano imetulia, ingawa mwezi huu wa ukungu haumpendi kabisa, na usiku namsikia akivuta pumzi kwa shida kidogo. Habari za mama nitazieleza mbele, maana ndiye aliyenifanya nikae chini niandike.

Viazi vimetoka vizuri mwaka huu. Maharage tumeyavuna lakini hayataki kukauka. Tunayaanika asubuhi, mchana ukungu unapanda kutoka bondeni, tunayaingiza ndani, kesho tunaanza tena. Cherehani yangu nayo haina likizo, kwa kuwa wazazi wa Rangwi hukumbuka sare za shule wiki ile ile shule zinapofunguliwa.

Utashangaa kupata barua kutoka kwa mtu mwenye simu. Lakini unajua mtandao wa hapa nyumbani. Unapatikana pale kwenye kona ya banda la ng'ombe tu, chini ya dirisha la mama. Kila tunachozungumza wewe na mimi, yeye anakisikia akiwa kitandani. Zamani hilo lilikuwa jambo la kuchekesha. Sasa silicheki tena, na utaona kwa nini.

Ni habari ya ile bima. Uliposema tuhame kampuni mimi sikubisha, na hata leo sisemi ulikosea. Hii ya zamani imetuchosha. Hospitali ya misheni walibandika karatasi dirishani kwamba kadi zake hazipokelewi mpaka watakapolipwa. Mama alikwenda mwezi wa tatu kuchukua dawa zake za moyo, akaisoma karatasi ile, akageuka akarudi. Hakutuambia. Tulijua miguu ilipovimba mpaka ndara zikamkataa, na hapo ndipo nilipokupigia nikilia, ukasema tuhame.

Kwa hiyo nilikubaliana nawe kwa moyo wote. Kampuni mpya inasifiwa na watu niliowauliza. Hospitali ya mjini Lushoto imo kwenye orodha yao, dawa ya kuvuta ya Stephano imo, na wanao huko Mpanda wangeweza kutibiwa bila kuzungushwa. Walisema magonjwa ya zamani yana kipindi cha kusubiri, tukasema tutavumilia. Nilikuwa nimeshaanza kumshukuru Mungu.

Kabla sijaendelea, nikukumbushe jambo ambalo wewe hukuliona kwa macho, maana ulikuwa bado unabebwa mgongoni. Mama Sesilia aliyetuzaa alipofariki, siku ya kuanua matanga wazee wa pande zote mbili walikaa. Wakamwita mdogo wake, Efrazia, msichana aliyekuwa amekwisha kuchumbiwa kijiji cha Bungu. Wakamfunga kanga ya marehemu, wakakuweka wewe mapajani pake, na mimi wakanisimamisha ubavuni. Mzee mmoja akasema kwamba mama wa watoto hawa ni huyu, na kwamba atakayemwita vinginevyo katika nyumba hii atatoa mbuzi.

Mimi nilikuwa nimezoea kumwita mama mdogo. Lilinitoka mara moja tu baada ya hapo, na bibi alinifinya sikio mpaka nikaona nyota. Neno lile halikusemwa tena. Watu wa Bungu walingoja, wakachoka, wakarudishiwa mahari yao, na kijana wao akaoa kwingine. Mama hakuolewa, hakuzaa. Kama alilia kwa ajili ya hayo, alilia mahali ambapo mimi sikumwona.

Ndiyo maana ulipotuingiza kwenye ile bima ya kwanza hakuna aliyesita. Yule bwana aliuliza wazazi wako ni nani, ukamtaja yeye. Akaniuliza mimi, nikamtaja yeye. Akamgeukia mama mwenyewe akamuuliza hawa ni wanao, naye akajibu naam. Hakuna aliyedanganya, Anord, kwa sababu hakuna aliyewaza. Mgeni angetaka kujua zaidi. Sisi hatukuwa na kitu cha kutaka kujua, wazee walikwisha kulimaliza jambo hilo kabla wewe hujaota meno.

Basi wiki tatu zilizopita alikuja wakala wa kampuni mpya. Anaitwa Salama, binti wa Tanga mwenye adabu zake, kaja na bodaboda kutoka Lushoto na viatu vya wazi, anatetemeka. Mama alimfunika shuka lake la sufi na kumpa chai na viazi vya moto. Walipendana hapo hapo. Salama akamwamkia shikamoo, mama akaitikia marahaba mwanangu, na mpaka mwisho wa siku ile akawa anamwita mwanangu.

Alimwandika Tobia, akawaandika watoto, akanipiga picha mimi na kitambaa changu cha kichwani kimekaa upande. Kila kitu kilikwenda kama maji. Kisha akafika kwa mama, akasoma kwenye kishikwambi chake, akainua macho.

"Mama, samahani kwa swali. Hawa, dada Yudith na kaka aliyeko Mpanda, ni watoto wako wa kuwazaa? Kwa mtu wa umri wako kampuni inapokea mzazi tu, na cheti cha kuzaliwa cha mtoto kiwe na jina lake."

Mimi nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo. Ningesema ndiyo, kama tulivyosema siku zote, na ningelisema bila kupepesa. Mama akaweka kikombe chini. Unamjua, hata mgeni akizungumza naye Kiswahili yeye humchanganyia Kishambaa mpaka mgeni acheke. Safari hii alisema Kiswahili kitupu, pole pole, kama shahidi aliyesimamishwa mahakamani.

"Hapana, mwanangu. Hawa mimi sikuwazaa. Mama yao ni marehemu dada yangu Sesilia. Mimi niliwalea tu."

Hilo "tu", Anord. Nimelisikia kila siku tangu siku ile. Nikishona nalisikia, nikimenya viazi nalisikia. Nilimtazama usoni nione kama amekasirika, hakukasirika. Alikuwa ameketi wima, mikono magotini, kama mtu aliyelipa kitu alichokuwa akidaiwa na watu asiowajua.

Salama aliona aibu kuliko sisi. Aliomba radhi mara nyingi, akasema utaratibu si wake. Tobia, unamjua naye, hapendi kuona kitu kimekwama. Akasema, "Si kuna kiapo? Twende kwa hakimu tukaape kwamba huyu ni mama yao. Nani kijijini atapinga?"

Mama akamjibu, "Tobia mkwe wangu, nikamwapie Mungu kwamba nimezaa? Mimi?"

Salama alimaliza chai yake na kuondoka, na shuka la mama akalikunja vizuri akaliacha juu ya kiti.

Alipoondoka mama aliniuliza kwenye ile bima ya zamani tuliandika nini. Nikamwambia mama mzazi. Akaitika kwa kichwa, akaenda kufunga mbuzi. Asubuhi yake aliingia chumbani kwangu cha kushonea, akaiweka kadi yake juu ya cherehani, imefungwa kwenye leso yake ya kwendea kanisani. Akasema, "Hii si yangu, Yudith. Irudishe." Nikamwambia mama, hata haifanyi kazi tena, hiyo ni plastiki tu. Akasema hata kama haifanyi kazi, si yake.

Tangu hapo mambo hayakai sawa. Kwanza, ameacha kupokea komunyo. Mama yetu, ambaye hata mwaka ule wa maporomoko alipitia msituni ili asikose misa! Sasa akina mama wenzake wa WAWATA wakisimama kwenda mbele, yeye anabaki mwisho wa benchi na rozari yake. Nikaenda kwa Padre. Padre akaja nyumbani, akamweleza kwa upole kwamba hakuna dhambi pale ambapo mtu hakukusudia kudanganya. Mama akasema ndiyo Baba, asante Baba. Jumapili iliyofuata akabaki tena kwenye benchi. Nilipomuuliza, akasema Padre bado kijana.

Pili, siku yake ya kliniki imepita na hakwenda. Nilimwekea fedha mkononi tulipe taslimu kama watu wengine. Akanirudishia, akasema nimnunulie Stephano dawa yake ya pumu, maana huyo ndiye niliyemzaa. Miguu imeanza tena. Akipanda kutoka mtoni anasimama pale kwenye mikaratusi, anajifanya anaangalia ng'ambo. Mimi najua anatafuta pumzi.

La tatu ndilo linaloniuma hasa. Juzi alikuja mlangoni kwangu akasema, "Yudith, naomba kabichi moja." Anaomba! Shamba alilolifyeka yeye mwenyewe, mimi nikiwa sijui kushika jembe, ananiomba kabichi kama jirani aliyepita njia. Nilimwambia achume anavyotaka, nikaingia ndani nikalia kwenye sare za watoto wa watu mpaka nikaogopa kuzichafua.

Sasa nikuambie lililo gumu. Siku ile Salama alipoondoka nilikupigia, nawe ukasema, "Mwandikeni tu mzazi, nani atachimbua? Au basi aachwe kwanza, tuhame sisi, yake tutaona baadaye." Sikulaumu, ulikuwa kazini na mashine zinanguruma. Lakini nilikuwa kwenye ile kona, na simu yangu inapiga kelele kuliko redio. Dirisha lilikuwa wazi. Alisikia yote, na nadhani lililomchoma ni hilo la pili, la kuachwa kwanza.

Nimewaza sana, na nimefika mahali pangu. Kumwandika mzazi kwa uongo haiwezekani, yeye mwenyewe amekataa, na sisi hatutamlazimisha mzee kuapa uongo ili aishi. Kubaki kwenye kampuni ya zamani nako hakuna faida, kadi zake hata zahanati hazizitaki. Na tukihama sisi wote tukamwacha yeye nje, tutakuwa tumeweka saini kwamba alichosema mbele ya Salama ni kweli yote. Mimi saini hiyo siiweki.

Kwa hiyo nakuomba ukubali hivi. Watoto wahame, wako na wangu, maana pumu ya Stephano haiwezi kungoja mawazo ya watu wazima. Tobia ahame nao, na wewe na Loveness pia, hasa huo mgongo. Mimi nitajitoa. Nimekwisha kumwambia Salama jina langu lisiende. Kile ambacho ungetulipia mimi na mama, kiwe cha kliniki yake na dawa zake, kila mwezi, mkono kwa mkono. Tumtibu kama watoto wa hapa walivyotibu wazazi wao kabla ya kadi hizi kuzaliwa.

Tobia anasema ni ujinga, kwamba nikiugua mimi atamtibu nani kwanza, mimi au mama, na kwamba mama hatapona eti kwa sababu mimi sina bima. Huenda ana haki. Lakini mama ameketi upande mmoja wa nyumba na sisi sote tunataka kuketi upande wa pili na kadi zetu mpya. Siwezi. Akiwa hana kadi, basi tuwe wawili tusio na kadi. Atakaponiuliza kwa nini, nitamwambia mtoto hukaa alipo mama yake, na sitamruhusu anijibu.

Na binti yako, Anord, anaitwa nani? Uliposimama mbele ya altare ukampa jina Efrazia, hukuuliza mfumo wa bima. Mtoto wa kwetu hupewa jina la bibi yake, hapewi la mtu aliyelea tu. Hilo ndilo nataka ulishike, kwa sababu mimi nimejaribu kumwambia na kwangu halisikii. Mimi niko naye kila siku, anadhani namhurumia. Wewe ndiye uliyelala mapajani pake siku ile ya matanga. Yeye ndiye mama pekee uliyewahi kumjua, na anajua hivyo.

Dawa hatakwenda kuichukua hivi hivi. Nimeshaona. Fedha ninayo hapa na kliniki si mbali, lakini mtu aliyeamua kwamba yeye ni mgeni katika nyumba hatakubali kugharamiwa na wenyeji. Daktari aliwahi kuniambia moyo ule haupendi kukosa dawa kwa muda mrefu. Naogopa, mdogo wangu. Sikuandikii hivi ili kukutisha. Naogopa tu.

Salamu kwa wifi yangu Loveness, mwambie kitenge alichotuma kimenitosha, ingawa alipima kwa kukumbuka jinsi nilivyokuwa zamani. Msalimie shangazi Dorkasi ukipita Sumbawanga. Mbusu Efrazia mdogo kwenye mashavu yote mawili. Tobia anakusalimu, na Stephano anauliza kama huko mna tembo barabarani.

Kila nikikuandikia huwa namuuliza mama ana salamu gani, naye husema mwambie mwanangu hivi na hivi, mpaka karatasi inaisha. Jana nilimuuliza kama kawaida. Aliendelea kupepeta maharage, kisha akasema, "Mwambie huyo kijana wa dada yangu, namsalimu."

Nilimwambia salamu hizo mimi sizipeleki, akizitaka zifike azitoe mwenyewe. Basi nipigie Jumapili misa ikitoka. Nitampa simu palepale chini ya dirisha lake, kisha niende zangu zizini. Usimtajie bima. Usimtajie Salama wala dawa. Mwite mama, halafu nyamaza, ungoje mpaka aitike.

Mungu akulinde barabarani na akurudishe kwetu salama.

Ni mimi dada yako, akupendaye kila siku,
Yudith